Jike wa nguruwe asiposhika mimba mara mbili achinjwe? Mi napinga, tujadili

Kamwene wakuu. Kikundi chetu cha wafugaji nguruwe huku Mbeya vijijini kilikaa Jumapili na wengi wanataka tupitishe kwamba jike akipandwa mara mbili asishike basi auzwe nyama, hakuna kupoteza pumba. Mi nimepinga, nikabaki na wamama wawili tu, na kura ni wiki ijayo ndo maana nauleta hapa.

Naona tunamhukumu jike kwa makosa yetu. Wengi hatuna dume, kwahiyo jike akiingia kwenye joto, yaani akianza kutaka dume, anafungwa kamba miguu yote minne, analazwa kwenye toyo (pikipiki ya mizigo) anapelekwa kijiji cha tatu, njia nzima anapiga kelele mpaka sauti inakata. Wangu mwezi wa sita, na ile baridi yetu, alifika mdomo umejaa povu, dume akamnusa yeye akakaa kitako. Na asubuhi yake nilikuwa nimemkandamiza mgongo akasimama kama nguzo, masikio juu, joto safi kabisa! Tukalazimisha hivyohivyo, akabaki kule siku kumi banda moja na majike asiowajua wanamng'ata usiku kucha, alafu akarudi kwa toyo ileile. Siku ya 21 joto hilo tena, maana yake hakushika.

Nguruwe akiogopa au akionewa, ubongo unaagiza tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni inaitwa kotisoli. Ikija ikaondoka haina shida, inamsaidia kujiokoa. Ikikaa juu siku nyingi ndo balaa, inabana amri ya ubongo inayokuza mayai, na ile homoni inayotakiwa ipande ghafla ili mayai yatoke kwenye ovari inachelewa au haipandi kabisa. Na maabara wameshachukua mayai ya nguruwe wakayaongezea kotisoli, mengi yakashindwa kumaliza kupevuka. Yai ambalo halijapevuka hata umletee dume wa aina gani halitungi mimba.

Wa Mafinga: Kaka nakuheshimu ila unamdekeza mnyama. Mi wangu namfunga kwenye pikipiki, mwaka jana kazaa 11 na wote wazima. Kama stresi ingekuwa inaharibu mayai hivyo huku kitimoto kingeshaisha. Pumba imepanda bei, jike asiyezaa namlisha ili iweje?

Mleta mada: Kaka una hoja na siwezi kuikataa. Walipopima nguruwe wenyewe, sio mayai ya kwenye vyombo, stresi ya muda mfupi haikuwaharibia sana, hata ya kujirudiarudia wengi walihimili, iliyokaa muda mrefu ndo iliwaangusha na hapo pia sio wote. Ila wako nadhani alirudi kulala bandani kwake, si ndio? Wangu kakaa siku kumi anang'atwa. Mi safari yenyewe siilaumu kama ninavyolaumu zile siku kumi.

Wa Njombe: Jamani mbona mnamsema jike tu. Unamkuta kanyonyesha mpaka mbavu zinahesabika, hata wiki ya kupumua hajapata, mnasema tasa. Na dume je? Akipata homa au akishinda chini ya bati linalochoma mbegu zinaharibika, na kurudi sawa ni zaidi ya mwezi. Majike manne yasiposhika kwa dume huyohuyo mtachinja yote manne?

Mleta mada: Dada hilo la dume hata mkutanoni halikutajwa, nitalisema Jumapili kabla ya kitu kingine.

Wa Mafinga: Sawa, basi dume ndo azunguke kwenye mabanda?

Mleta mada: Hapana kaka, homa ya nguruwe ikiingia hapo tumekwisha wote, dawa haina. Mi napendekeza jike aende amesimama kwenye kreti ya mbao, asifungwe miguu. Joto lake ni siku mbili tatu na mayai hayatoki mwanzoni, yanatoka joto likishavuka nusu, kwahiyo apandwe jioni na kesho yake tena, alale kule usiku mmoja kwenye chumba chake peke yake, arudi. Akisharudi asihamishwe wala kuchanganywa na wengine mpaka mwezi upite, maana vijusi vinaanza kujishika kwenye kizazi kama wiki mbili baadae na hapo havitaki fujo. Akifanyiwa yote haya mara mbili, dume ni mzima, bado hajashika, hapo nitakubali auzwe.

Wangu joto lake nalitegemea Alhamisi. Kreti fundi ameshaipigilia, na mwenye dume kanitengea chumba chenye nyasi kavu. Nawaomba wanakikundi mliopo humu, kura isogezwe mpaka siku yake ya 21 ipite, nitawaambia joto limerudi au halijarudi.