Nimepandisha Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, adapta ya waifai imekufa: nirudi nyuma, nijenge draiva upya au ninunue nyingine?

steshenari_rangitatu (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina mashine ya mezani ya mtumba hapa steshenari kwangu, Mbagala Rangi Tatu. Intaneti naivuta kwa waifai kutoka duka la dawa la jirani, tunachangia bili. Mashine haina waifai ya ndani, kwa hiyo natumia adapta ya USB yenye kaantena kafupi niliyoinunua Kariakoo mwaka juzi. Kijana mmoja ndiye aliyeniwekea draiva yake (programu inayoifanya mashine iitumie adapta) kwa amri alizozijua mwenyewe, ikapiga kazi mpaka juzi.

Jumamosi nikapandisha toleo la Ubuntu, ule mfumo wa Linux ninaoutumia badala ya Windows, kutoka 22.04 kwenda 24.04. Kila kitu kimeamka salama, printa inachapa, faili zipo. Waifai ndiyo haipo. Sisemi haishiki mtandao, nasema hata alama yake pale juu haipo.

Nimeuliza watu wanne, nimepewa majibu manne: rudi kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani, jenga draiva upya, tupa adapta ununue nyingine, rudi Windows. Wateja wa fomu za mkopo wa chuo wamejaa kwenye benchi na mimi nakula bando la simu yangu. Ipi ina unafuu kwa mtu ambaye si fundi? Natanguliza shukrani.

bei_poa_kkoo

Kaka, muda ni pesa. Panda daladala, shuka Kariakoo, ingia duka lolote Mtaa wa Aggrey, adapta mpya haifiki elfu 30. Chomeka, endelea na maisha. Hawa wa amri watakukesha hapa mpaka Ijumaa.

mzee_wa_posta

Pole sana. Usinunue kitu kwanza. Fungua terminali, andika hizi moja moja, utuletee majibu yake kama yalivyo:

lsusb
uname -r
dkms status

kichwa_kerneli

@bei_poa_kkoo achomeke nini sasa? Tatizo la adapta ni kwamba boksi halisemi chipu iliyomo ndani. Mfano unaojulikana dunia nzima ni TP-Link TL-WN722N: toleo la kwanza lilikuwa na Atheros AR9271, chipu ambayo Linux inaijua siku nyingi, toleo la pili wakaweka Realtek RTL8188EUS. Jina lile lile, umbo lile lile. Mtu anasoma ushauri wa zamani, anaenda dukani kwa kujiamini, anarudi na ugonjwa ule ule.

bei_poa_kkoo

Haya mtaalamu, taja basi ya kununua.

kichwa_kerneli

MediaTek MT7612U, draiva yake imo ndani ya kerneli tangu 4.19. Ukitaka Waifai 6, MT7921AU, tangu 5.18. Hizo unachomeka na unasahau. Ila kuzipata hapa mjini ndiyo kazi. Nimezunguka Kariakoo nusu siku nikiuliza chipu, muuzaji mmoja akanijibu, "Chipsi ziko ng'ambo ya barabara." Sijui alikuwa anatania au vipi.

steshenari_rangitatu

Jamani, mimi ni dada, lakini haina shida 😄

Mzee, majibu haya hapa:

Bus 001 Device 004: ID 0bda:c811 Realtek Semiconductor Corp. 802.11ac NIC

uname imeleta namba inayoanza na 6.8.0. Ile dkms imeleta mstari mmoja tu: rtl8821cu, halafu 5.15.0, halafu installed.

Nimekumbuka pia: wakati wa kupandisha, maandishi mengi yalipita na mengine yalisema error. Nikabonyeza endelea.

mzee_wa_posta

Ahsante binti yangu, umetuletea kila kitu. Kaa nikueleze, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo wote wanne waliokushauri wamelipita.

Adapta yako si mbovu. lsusb inaiona. 0bda ndiyo Realtek, na c811 ni chipu ya familia ya 8821CU. Ingekuwa imekufa, usingeona mstari ule kabisa.

Ubuntu 22.04 yako ilikuwa na kerneli 5.15, na kerneli hiyo haikuwa na draiva ya chipu hii upande wa USB. Ndiyo maana yule kijana alilazimika kukuletea draiva ya nje na kuisajili kwa dkms. Kazi ya dkms ni kuijenga upya draiva hiyo kila kerneli mpya inapoingia. Alifanya vizuri, simlaumu.

Ulipopanda 24.04, kerneli imekuwa 6.8. dkms ikajaribu kuijenga draiva ile ile ya zamani juu ya kerneli mpya, ikashindwa. Hiyo ndiyo error uliyoipita. Na ndiyo maana mstari wako unataja 5.15 peke yake: kwa kerneli unayotumia sasa, hakuna kilichojengwa.

Sasa sikiliza. Tangu kerneli 6.2, draiva ya chipu yako imo ndani ya kerneli yenyewe. Inaitwa rtw88_8821cu. Kwa hiyo mashine yako ina draiva tayari! Kwa nini haiamki? Nashuku ile draiva ya nje, ilipowekwa, iliacha faili la kuizuia hii ya ndani ili wasigombane. Mwenye nyumba kahama, kufuli kaliacha mlangoni. Hakikisha hivi:

grep -r rtw88 /etc/modprobe.d/

Ukiona neno blacklist na jina hilo la draiva, tumeshapata. Kabla ya kufuta chochote jaribu:

sudo modprobe rtw88_8821cu

Zuio lile linazuia draiva isijipakie yenyewe tu. Ukiiita kwa jina lake inaitika. Alama ya waifai ikitokea, ndipo tusafishe.

steshenari_rangitatu

Mzee!! Imetokea! Mitandao yote ya mtaa huu naiona, hadi ya baa!

Na kweli, kuna faili linaitwa 8821cu.conf, ndani yake kuna blacklist rtw88_8821cu.

mzee_wa_posta

Safi. Sasa ondoa lile faili na ile draiva ya zamani, la sivyo ukizima na kuwasha utarudi pale pale:

sudo mv /etc/modprobe.d/8821cu.conf ~/
sudo dkms remove rtl8821cu/NAMBA --all

Pale kwenye NAMBA weka toleo la draiva, si la kerneli, kama lilivyoandikwa kwenye dkms status, usikisie. Faili nimekuambia ulihamishe, usilifute, ili ukitaka kurudi nyuma uwe nalo.

kichwa_kerneli

Shikamoo mzee, umetisha. Ila tuseme ukweli wote, uzi huu watausoma wengine. Draiva ya ndani kwenye 6.8 kwa chipu hii si kwamba ni bora kila upande. Mimi nina adapta yenye chipu hiyo hiyo. Ya nje ilikuwa na kasi zaidi, ya ndani ilikuwa inakatika ikikaa muda bila kazi. Niliituliza kwa kuzima ile hali ya kubana umeme: faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, pale kwenye wifi.powersave = 3 weka 2, halafu washa upya.

Kwa mwenye kutaka kasi, draiva ya nje toleo jipya bado ni njia. Lakini ujue unafunga ndoa: kila kerneli ikija, dkms ijenge, linux-headers (faili za kujengea draiva) ziwepo, na kama Secure Boot, ule ulinzi wa mashine inapowaka, imewashwa, draiva ambayo haijasainiwa inakataliwa mpaka usajili ufunguo wake kwa mokutil. Kwa fundi ni dakika kumi. Kwa mtu mwenye foleni ya wateja wa mkopo, sishauri.

jini_la_bando

Nashangaa hakuna aliyesema hili mapema. Dada, wakati unahangaika usingekula bando. Chukua simu ya Android, iunge na waifai ya duka la dawa, kisha ichomeke kwenye mashine kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Simu inapitisha ile waifai yenyewe kwenda kwenye mashine, na Ubuntu inaikubali bila draiva yoyote. Mimi nimeishi hivyo mwezi mzima hapa Tabata.

steshenari_rangitatu

Sasa ndiyo unaniambia, nimeshamaliza GB 6 🤦🏾‍♀️

mtu_wa_windows

Mngerudi Windows yakaisha.

kichwa_kerneli

Windows ipi? 10 Microsoft waliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda mbele. @steshenari_rangitatu mashine yako ni kizazi gani?

steshenari_rangitatu

Kibandiko cha mbele kimeandikwa i5, kijana alisema ni kizazi cha 4.

kichwa_kerneli

Basi Windows imejitoa yenyewe.

bunju_online

Na hiyo ya kurudi kerneli ya zamani, ambayo mtoa mada aliiuliza, mmeiruka. Mimi nimewahi kuitumia. Ukiwasha mashine ukashikilia Shift, au Esc kwa zingine, unapata menyu, mstari wa pili unakuonyesha kerneli zote zilizobaki. Unachagua 5.15, waifai inarudi hapo hapo. Nzuri kwa kumalizia kazi ya siku. Kuishi nayo hapana, maana mfumo mpya hauiletei tena viraka vya usalama, na siku ukipiga autoremove, amri ya kufagia vifurushi visivyohitajika, inaweza kuondoka nayo, urudi hapa tena unalia.

Jambo jingine, kwa wenye adapta kama hii tu: lsusb ikionyesha 0bda:1a2b badala ya c811, usishtuke. Hapo adapta inajifanya CD ya draiva za Windows. Sakinisha usb-modeswitch, chomoa, chomeka tena, itageuka.

bei_poa_kkoo

Sawa, nimeshindwa. Elfu 30 yake ibaki mfukoni.

mzee_wa_posta

Hujashindwa, angekuwa na chipu nyingine ungekuwa sahihi. Ziko za Realtek ambazo kerneli hiyo ya 6.8 haina draiva yake, RTL8812AU kwa mfano, hiyo imeingia ndani kuanzia 6.14. Mwenye hiyo leo ana kazi zaidi ya kufuta faili moja.

Ila binti yangu, nina swali. Hilo duka la dawa liko umbali gani na wewe? Mashine ya mezani haitembei. Nyuma yake kuna tundu la waya wa mtandao, halina draiva ya kubembeleza. Waya wa Cat5e unafika mita 100. Mimi mambo ya mawimbi nawaachia wenye simu.

steshenari_rangitatu

Mrejesho wa leo, Jumatano. Nimefanya yote aliyosema mzee, nimezima na kuwasha mara tatu, waifai inarudi yenyewe. Jana ilikatika mara mbili mchana, nikabadilisha ile 3 kuwa 2, tangu hapo haijakatika. Kasi imeshuka kidogo kuliko ile ya zamani, naiona nikipakia vyeti vilivyoskaniwa, ila fomu zinakwenda. Nimeihamisha pia kutoka kwenye tundu la bluu na kuiweka ya mbele, kuna mtu aliniambia faragha kuwa tundu za USB 3 zinachafua mawimbi ya GHz 2.4. Sijui ni hiyo au ni powersave, nilifanya vyote siku moja.

Na waya nimeupenda. Nimepima, ni mita 18 hadi duka la dawa pamoja na kuuzungusha juu ya mlango wa kinyozi, ambaye ameshakubali kwa sharti la kupewa nywila. Nani anamjua fundi wa kubana vichwa vya RJ45 upande huu wa Mbagala, asiyetoza kwa mita?