Fakture ya "dawa ya kuamsha" bila miligramu: hapa Lubumbashi tutalipa hivi mpaka lini?

Ndugu na dada, nina hasira na siifichi. Dada yangu alipasuliwa mawe ya nyongo katika kliniki moja hapa mjini. Upasuaji ulienda vizuri na waganga nawashukuru. Kinachonichoma ni fakture. Kuna mstari umeandikwa "dawa ya kuamsha", bei yake imeshinda ya kitanda alicholalia, na pembeni hakuna jina la dawa wala idadi ya chupa. Kuuliza, naambiwa: "Mama, lipa kwanza mgonjwa atoke."

Nikakaa palepale mpaka wakasema: sugamadeksi, chupa mbili za miligramu 200.

Haya, tupige hesabu. Dawa hii inaondoa nguvu ya rokuroni, ile ya kulegeza misuli mpaka mgonjwa hawezi kupumua mwenyewe. Dozi yake inakwenda na uzito: miligramu 2 kwa kilo kama misuli imeanza kurudi, 4 kama bado imelala kabisa. Dada yangu ana kilo 48. Ni miligramu 96, au zikizidi sana 192. Chupa moja inatosha kote kuwili! Ikiwa ilikuwa hatari, mpira wa kupumulia umekataa kuingia na wanataka apumue saa ileile, dozi ni 16 kwa kilo, yaani 768, na hizo ni chupa nne. Mbili zinatoka wapi? Kama walirudia dozi, basi waandike kwamba walirudia.

Keshia akaniambia bei imepanda sababu ya friji. Si kweli. Inayotaka friji ni rokuroni. Sugamadeksi inakaa kabatini, mbali na mwanga tu.

Najua ni dawa ghali. Ulaya iliiruhusu 2008, Marekani 2015, na miaka mingi iliuzwa na mwenye hataza mmoja tu, kwa jina la Bridion. Leo kuna jenerika, yaani dawa ileile inayotengenezwa na viwanda vingine, na kati ya jenerika na ile ya kwanza bei haiwezi kuwa moja. Sisi tulipewa ipi? Ongeza njia, forodha, faida ya depo, na faida ya farmasi ya kliniki juu yake. Faida hiyo ya mwisho ndiyo hawataki tuione.

Wala siombi watu wetu wapewe neostigmini, dawa nyingine ya kurudisha misuli, kwa lazima. Ni ya zamani, bei nafuu, lakini inakwenda pamoja na atropini ili moyo usipungue kasi, na misuli ikiwa bado imelala kabisa haisaidii. Anestezisti achague. Ila awe na kifaa cha kupima misuli imerudi kiasi gani, maana bila hicho dozi inakisiwa, na kisio lake tunalilipa sisi kwa dola.

Na tuambiwe kabla! Mtu akiwa tayari mezani, familia itakataa nini?

Wenye fakture za namna hii, andikeni hapa: uzito wa mgonjwa, dawa, idadi ya chupa, bei ya chupa moja. Majina ya wagonjwa msiweke. Na ninyi mnaofanya kazi farmasi au chumba cha upasuaji, semeni: chupa moja inaingia kwenu kwa bei gani?