Ulinganisho: PS5, PC ya mezani au Steam Deck kwa mtu anayenunua mashine moja tu

kipanga_wa_usiku

Wakuu, salaam. Naomba tufikiri pamoja. Nataka mashine moja ya gemu, na nikishanunua sina mpango wa kununua nyingine kwa miaka mingi. Ninazozipigia hesabu ni tatu: PlayStation 5 (Xbox Series X sijaitupa kabisa), PC ya mezani yenye kadi ya michoro ya daraja la kati, na Steam Deck, ile mashine ya kushika mkononi inayocheza gemu za PC.

Mimi ni mtu wa gemu za hadithi, zile unazokaa nazo usiku peke yako. Wikendi jamaa wanakuja tunapiga mpira. Mdogo wangu yeye ni Fortnite tu, asubuhi mpaka jioni. Intaneti ipo lakini haina nguvu, kwa hiyo kushusha gemu ya GB 100 ni shughuli ya kupangia.

Sitafuti yenye picha kali kuliko zote, kwa macho yangu zote zinaridhisha. Nataka kujua ipi itanibana kidogo zaidi baada ya kulipa: usajili wa kila mwezi, matengenezo, gemu kutoweka, na yale mengine ambayo hayaandikwi kwenye boksi. Halafu, ninunue sasa au nisubiri bei zishuke?

fundi_waya

Mkuu, nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Usisubiri. Zamani kusubiri kulilipa: PS2 ilitoka mwaka 2000, na kufikia 2009 huko Marekani ilikuwa inauzwa kwa theluthi moja ya bei iliyoanzia. PS5 ilitoka Novemba 2020, na mwaka 2025 bei yake huko huko Marekani ikapandishwa. Xbox nayo ikapanda mwaka huo huo. Kwenye PC, mwishoni mwa 2025 bei za RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, zilipaa kwa sababu watengenezaji wa chipu wamegeukia vituo vya data vya akili mnemba, na Micron, watengenezaji wa kumbukumbu hizo, ikatangaza Desemba kwamba inaachana na Crucial, jina ambalo wajenzi wengi wa PC tumelitumia miaka na miaka. Aliyekuwa anasubiri hakupata kitu.

Sasa vyuma. PS5 na Xbox Series X ni ndugu wa tumbo moja: prosesa ya AMD ya kizazi cha Zen 2 yenye koa (viini vya kazi) nane, michoro ya RDNA 2, na kumbukumbu ya GB 16 inayotumiwa na pande zote mbili. Steam Deck ni wa ukoo huo huo, ila koa ni nne na umeme anaotumia ni kidogo sana. Wanaogombana kuhusu PS5 na Xbox kwa sababu ya nguvu wanagombania kitu kidogo.

Tofauti kubwa iko kwenye kuongeza nafasi ya kuhifadhi gemu. PS5 unafungua kifuniko, unachomeka SSD ya M.2 ya kawaida (iwe ya kasi inayotakiwa), unakaza skrubu, umemaliza. Xbox inataka kadi yake maalum. Steam Deck inakubali microSD yoyote, na SSD ya ndani unaweza kuibadilisha ukiwa na mkono mtulivu. PC haina mjadala hapo.

Kinachonijia mezani kuliko kitu kingine chochote ni vijiti vya padi. Ndani ya kijiti kuna ukanda mwembamba wa kaboni na kidole cha chuma kinachosugua juu yake kila unaposogeza. Ukanda ukilika, padi inadhani umesukuma kijiti wakati hujagusa, na mchezaji wako anatembea mwenyewe kuelekea ukutani. Siku hizi kuna vijiti vya sumaku ambavyo havisuguani, kwa hiyo haviliki kwa namna hiyo. Kwenye PC unanunua padi ya namna hiyo moja kwa moja. Kwenye PS5, padi inayokuja na boksi bado ni ya ukanda. Hesabu hilo kwenye gharama zako, hasa kama mdogo wako anacheza asubuhi mpaka jioni.

diski_bado_ipo

Fundi kamaliza vyuma, mimi niseme ya umiliki, maana hapa ndipo watu wanaumia kimya kimya.

Ukilipia gemu kwenye duka la mtandaoni hujanunua gemu, umenunua ruhusa ya kuicheza. California ilipitisha sheria mwaka 2024 inayoyalazimisha maduka ya kidijitali kumweleza mteja hivyo waziwazi, ikaanza kufanya kazi 2025. Steam, duka kubwa la gemu za PC, waliweka tangazo hilo kwenye ukurasa wa malipo hata kabla tarehe haijafika. Nintendo walifunga duka la mashine zao za zamani, 3DS na Wii U, Machi 2023. Ulichokuwa umeshanunua bado unakishusha, lakini ambacho hukununua na hakina kopi ya mkononi, ndiyo basi tena.

Kwa hiyo kwangu jibu ni PS5 yenye kiendesha diski. Diski yake inabeba hadi GB 100, na kwa mtu wa intaneti kama yako hilo ni jambo kubwa: sehemu kubwa ya gemu inaingia bila kugusa bando, unabaki na masahihisho tu. Ukimaliza hadithi unamwazima jamaa, au unaiuza upate ya kununulia nyingine. Angalia vizuri kabla ya kulipa, kwa sababu ipo PS5 isiyo na diski kabisa, na PS5 Pro ya 2024, pamoja na ubora wake wote, inauzwa bila kiendesha diski. Unakinunua pembeni, na mara ya kwanza ukikifunga lazima uwe na intaneti ndipo kikubalike.

Na wateja tukisema tunasikika. Mwaka 2013 Microsoft walitaka Xbox One iwe inajiripoti mtandaoni kila baada ya saa 24, na diski za mtumba ziwekewe masharti. Watu wakapiga kelele, mwezi Juni mpango ukaondolewa kabla hata mashine haijatoka.

mezani_daima

Diski, nakuheshimu ila unampa mwenzetu matumaini makubwa mno. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft, ilikuwa na diski. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa na diski zote zikawa mapambo, kwa sababu gemu ilidai seva hata ukicheza peke yako. Hilo ndilo lililozaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo Julai 2025 ilivuka saini milioni moja kule Ulaya. Kinachokulinda ni namna gemu ilivyotengenezwa, diski peke yake haitoshi.

Ndiyo maana niko PC. Kuna GOG, wanauza gemu zisizo na kufuli: unashusha faili la kusakinisha, unalihifadhi kwenye diski yako ya nje, basi. Duka likifungwa kesho, wewe bado unacheza. Hakuna konsoli, yaani mashine kama PS5 au Xbox, inayokupa hilo. Steam nao wanakurudishia pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Na kucheza mtandaoni na wenzako hulipii kitu juu ya intaneti yako, wakati kwenye konsoli zote tatu kubwa (PlayStation, Xbox na Nintendo) gemu nyingi za kulipia zinadai usajili ndipo uingie uwanjani. Mtu anayekaa na mashine miaka mingi, huo usajili ukiujumlisha unakaribia bei ya mashine nyingine.

Udhaifu wa PC upo na siufichi. Gemu nyingi mpya zinakwama-kwama mara ya kwanza unapoingia eneo jipya, kwa sababu PC inatengeneza vipande vya programu ya michoro hapo hapo, kulingana na kadi yako. Konsoli inavikuta vimeshatengenezwa na waliounda gemu, kwa kuwa kila mashine ni ileile. Unasogea mlangoni, picha inaganda nusu sekunde, inaendelea. Inaudhi, na kadi ya bei kubwa haiiondoi.

Halafu ukinunua PC ya mtumba hakikisha ina TPM 2.0, kifaa cha usalama cha ndani ya kompyuta. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi haikubali bila hiyo.

penguini_mweusi

Naona Steam Deck imetajwa mara moja ikapitwa. Ngoja niitetee, halafu niseme kwa nini kwako wewe haifai.

Ilitoka Februari 2022, ya kioo cha OLED ikafuata Novemba 2023. Ndani inaendesha SteamOS, ambayo ni Linux, na gemu za Windows zinapita kwenye kitu kinaitwa Proton kinachotafsiri maagizo yake papo kwa papo. Kwa mtu wa hadithi za usiku ni raha tupu. Unabonyeza kitufe cha juu katikati ya pambano, mashine inalala. Kesho unabonyeza tena, upo palepale na upanga umeinuliwa. Kioo ni cha 1280 kwa 800, kidogo, kwa hiyo gemu nzito zinapita kwa mipangilio ya chini na bado zinapendeza. Shida ni maandishi: gemu iliyotengenezwa kwa runinga kubwa inakufanya usogeze uso mpaka karibu na kioo.

Sasa Fortnite. Haiendi. Programu yake ya kuzuia wadanganyifu haijafunguliwa kwa Linux, na si yenyewe tu, Apex Legends, gemu nyingine ya risasi ya mtandaoni, nayo ilifunga mlango kwa Linux mwaka 2024 baada ya kuwa inaruhusu. Unaweza kuweka Windows kwenye Deck, ila ukifanya hivyo umetupa nusu ya kilichokufanya uinunue. Mdogo wako atakasirika, na atakuwa na haki.

mama_wa_wawili

Wanangu, mmezungumza kama vile mashine ni ya mtu mmoja. Ameandika mdogo wake anacheza Fortnite na jamaa wanakuja kupiga mpira. Mimi nina vijana wawili nyumbani, naomba mnisikilize.

Fortnite ni ya bure, na kwenye PS5 na Xbox haihitaji ule usajili wa kucheza mtandaoni. Lakini bure yake ni ya kuingilia mlangoni, ndani kuna duka. Gemu za mpira nazo zina pakiti za wachezaji unazonunua bila kujua utapata nani. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kwamba mambo ya namna hiyo ni kamari, na EA, wenye gemu ya mpira ya FIFA, wakaacha kuuza sarafu zake nchini humo mwaka 2019. Mfungulie mdogo wako akaunti yake ya mtoto chini ya akaunti yako, weka kiwango cha matumizi kuwa sifuri, na kadi ya benki usiihifadhi kwenye mashine kabisa. PS5 na Xbox zote zina mipangilio hiyo na inafanya kazi vizuri. PC nayo unaweza, ila unapanga mara mbili mbili: Windows kivyake, Steam kivyake, Epic (wenye Fortnite) kivyake. Mzazi aliyechoka hafiki mwisho.

Na kucheza watu wanne sebuleni, konsoli ndiyo imetengenezwa kwa kazi hiyo. Padi zinawaka, mnaanza.

mezani_daima

Mama, hapo kwenye sebule nakubali. PC unaweza kuichomeka kwenye runinga, lakini siku Windows inapoamua kujisasisha wageni wamekaa, ni tabu.

diski_bado_ipo

Kuna jambo hamjaligusa, vifurushi kama Game Pass ya Microsoft, ambapo unalipa kila mwezi na kucheza gemu nyingi zilizomo. Kilipoanza 2017 kilikuwa ofa nzuri mno. Microsoft wakanunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, ununuzi ukakamilika Oktoba 2023, na miaka miwili baadaye daraja la juu la Game Pass likapandishwa kwa nusu nzima huko Marekani. Gemu zinaingia na kutoka humo, unaweza kuwa katikati ya hadithi ikaondolewa. Kwa mtu wa gemu chache ndefu, nunua gemu zako. Kifurushi kinamfaa anayeonja nyingi.

kipanga_wa_usiku

Shukrani kwenu nyote, na Mama shikamoo, hilo la akaunti ya mtoto sikuwa nalo kichwani kabisa. Fortnite imeiondoa Deck, na wageni wa wikendi wameiondoa PC, ingawa hoja ya GOG imenigusa na gemu za zamani nitaziweka kwenye laptop niliyo nayo. Nabaki na PS5 ya diski. Nimepata ya mtumba, anayeuza anasema haijawahi kufunguliwa na fundi. Fundi, nikague nini?

fundi_waya

Nenda na diski yako mwenyewe, ya gemu ambayo mashine hiyo haina. Iingize, isakinishe, sikiliza inavyosoma: mlio wa kuzunguka ni kawaida, kukwaruza au kutema diski hapana. Mulika tochi kwenye mdomo wa HDMI uone vijipini vyote vimelala sawa. Cheza gemu nzito nusu saa ukiisikiliza feni. Weka padi mezani bila kuigusa ukiwa ndani ya gemu, uone kama kamera inahama yenyewe. Kisha ingia mtandaoni kwa akaunti yako kabla hujatoa pesa, kwa sababu mashine iliyofungiwa mtandaoni na Sony, wenye PlayStation, inawaka vizuri tu na kucheza diski, utajua siku mdogo wako anafungua Fortnite. Mwenyewe aondoe akaunti yake mbele yako. Na kama anauza bila kukuruhusu kuiwasha, ondoka.