Mchoraji kanichora na meno ya mbuzi, wallahi leo silali

Assalaam aleykum. Salamu nshatoa, sasa niacheni niseme.

Yule mchoraji wetu, sitaji jina, mnamjua, sote tumo kwenye kundi lake na sote tunamtumia elfu mbili kila mwezi kwa simu. Leo baada ya magharibi kaweka sehemu ya 32 ya ile katuni yake ya mume mpigaji. Nafungua, nimo. MIMI. Jirani mbea anachungulia dirishani, mtandio ule ule wa profaili yangu, na meno kama mbuzi ya kukunia nazi. Nimeyahesabu, kumi na nne ya juu tu, na mdomo kaufunga!!

Kosa langu nini? Koment ya juzi. Nlimwandikia kwa adabu kabisa, kaka, huyu mume wako alikuwa anatutisha kwa sababu hakuwahi kupiga kelele. Sehemu ya 3 anamwambia mkewe lete simu niiangalie chaji. Akaja kuhesabu chenji ya samaki. Mara kwao mke Wete hakwendeki tena, kila Idi ina sababu yake, boti imejaa, mama mkwe anaumwa, mpaka kofi linafika sehemu ya 19 mie msomaji nilikuwa nshalisubiri tumbo linanikata. Ndo inavokwenda khasa, nani hapa hana shangazi wa hivo? Halafu sehemu ya 31, puu, jamaa analia, kaleta kanga doti moja imeandikwa WEMA HAUOZI, mke jicho bado limevimba anacheka, wanakula bokoboko, basi, kawa mtu mwema. Mtu wa kuhesabu chenji ya samaki! Hesabu kaisahau lini?

Sijasema asilete kanga. Wanaleta kweli, wakishapiga wanaleta, ndo mchezo wao. Lakini kanga ile ilikuwa itutishe, yeye kaichora na vimaua pembeni. Angalia Joker, yule mwovu wa katuni za Batman, na Harley Quinn anayempenda, ile hadithi ya mwaka 1994, kamtupa binti wa watu dirishani, yuko kitandani bandeji mwili mzima anaapa basi tena, akageuka kaona ua moja na kikaratasi cha ugua pole, keshayeyuka. Unataka kulia. Ila Joker kabaki Joker! Ua halikumgeuza ustadhi. Huyu wetu doti moja tu kesho tutamkuta anasalisha.

Sasa badala ya kunijibu hoja ananijibu meno. Mama yangu kaiona kwenye simu ya mdogo wangu, kaniita, "Mwanangu, huyu si weye?" Mama hata katuni hajui inaanzia upande gani. Meno kayajua.

KarafuuKavu: Pole dada. Ila tufahamishe, mbuzi wa zizini au mbuzi ya jikoni? Tujue tunalilia yepi.

Mleta uzi: YA JIKONI. Nimesema ya kukunia nazi, soma uzi weye!

Mtu_wa_Mkoani: Nimetoka kuangalia sasa hivi. Astaghfirullah. Dada sisemi kitu, mama yako ana macho mazuri.

Michenzani_Ghorofani: Mie mume simjali, shida yangu vidole. Mke ana vidole sita mkono wa kushoto toka sehemu ya 8 na hakuna anayemtetea. Ukatili gani kuliko huo

BabuKahawaTungu: Nyie watoto mnatafuta maradhi. Zamani mwovu wa katuni ukimuona masharubu tu ushamjua, mpaka mwisho wa gazeti ni yule yule, na gazeti tukishasoma tunafungia karanga.

Mleta uzi: Babu ndo ninachosema mie!! Abaki yule yule!

BabuKahawaTungu: Mie nlikuwa nazungumzia karanga.

ChumviKidogo: Mnajua Marekani mwaka 1988 wasomaji walipigishwa kura kwa simu, Robin, yule kijana msaidizi wa Batman, afe au apone? 5,343 walisema afe, 5,271 apone. Kura 72 tu zikamzika mtoto wa watu, na Joker ndo aliyempiga nondo. Napendekeza na sisi tupige kura, meno yabaki au yang'olewe.

KarafuuKavu: Yabaki.

Mtu_wa_Mkoani: Yabaki, yananisaidia kumtambua jirani

Michenzani_Ghorofani: Ng'oeni kidole kwanza.

Mleta uzi: Nyie si watu. Kumi na NNE. Mdomo UMEFUNGWA.

msomaji_kimya: Mie niliolewa na huyo wa chenji ya samaki. Miaka minne. Sehemu ya 3 nilipofika kwenye "lete niiangalie chaji" nilizima simu nikenda kukaa uani. Zangu zilikuwa doti tano, nimezigawa zote. Sehemu ya 31 sikuimaliza. Meno yako hayana ubaya dada.

Mleta uzi: Dada yangu. Njoo inbox.

Mtu_wa_Mkoani: Kwani hiyo samaki yenyewe ina chenji siku hizi? Mie jana changu watatu wadogo kama ndala za mtoto, nimetoa elfu kumi, muuzaji kanambia "allah yabarik" kafunga kapu.

ChumviKidogo: Bora weye umepata samaki. Mie jioni nimekunywa urojo una bajia MOJA. Nimeuliza, naambiwa nyengine imezama. Nimezamia na kijiko mpaka chini hamna kitu.

KarafuuKavu: Bajia moja???? Huyo ndo mwovu wa kuchorwa.

BabuKahawaTungu: Na habadiliki huyo. Mwaka jana alininyima mie.

Mleta uzi: Jamani na meno yangu je

Michenzani_Ghorofani: Ngoja kwanza, bajia ilizama upande gani wa bakuli?

ChumviKidogo: Upande wa muhogo. Na muhogo wenyewe mgumu.

Mleta uzi: Ni yule wa karibu na mti mkubwa? Wallahi huyo mie alinitilia viazi viwili na mbatata zilizovunjika, mishkaki hata harufu, nikimuangalia ananichekea.