Mjadala: Je, bima ya afya kwa wote igharimie kipimo cha jeni za saratani?

Mleta mada, Dodoma mjini: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa hapa hapa Dodoma mwaka 2023. Naomba tujadili iwapo kitita chake cha mafao kigharimie kipimo cha jeni za BRCA1 na BRCA2 kwa wanawake ambao mama au dada zao waliugua saratani ya matiti wakiwa bado vijana. Aliyerithi hitilafu katika jeni hizo yumo katika hatari kubwa ya saratani ya matiti na ya ovari, na akijulikana mapema hufuatiliwa kwa karibu kabla hajaugua. Mkulima wa alizeti wa Chemba hawezi kujilipia.

Kilimani: Saratani za matiti zinazotokana na kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, kwa hiyo fedha hizo ziende kwenye altrasaundi na kupima kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe. Tena tuseme ukweli: wanawake wa vijijini huficha uvimbe, wakahangaika na dawa za majani hadi titi litoe usaha.

Binti wa Mpwapwa: Nani huficha? Marehemu mama yangu mkubwa alikwenda zahanati uvimbe ukiwa wa ukubwa wa punje ya karanga, akaambiwa ni maziwa yamegandia, ilhali kitinda mimba wake alikuwa darasa la tano. Alipewa panado akarudishwa nyumbani. Usituandikie uongo ukiwa umekaa kwenye kiyoyozi.

Kilimani: Pole kwa msiba, ila sikumtaja mzazi wako, na kiyoyozi sina. Nijibu hili: karatasi ikisema binti amerithi, nani atamchumbia? Wazee huuliza kwanza kama ukoo wa binti una kifafa, nanyi mnawaongezea la kuuliza.

Muuguzi mstaafu, Kongwa: Mbona ukoo wa kijana hauulizwi? Baba mwenye hitilafu hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume, kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, hata kama yeye mwenyewe hataugua maisha yake yote. Mleta mada naye ametaja mama na dada pekee. Wenye shangazi waliougua amewaacha nje.

Mzee wa Bahi: Ng'ombe tutoe sisi, na saratani ya matiti tubebeshwe sisi!

Muuguzi mstaafu, Kongwa: Sikukulaumu, mzee wangu. Hitilafu ya BRCA2 huongeza pia hatari ya saratani ya tezi dume, kwa hiyo nawe unaweza kuwa mlengwa.

Mleta mada, Dodoma mjini: Turudi kwenye bima, tafadhali. Bei si ile ya zamani, kwani mwaka 2013, kama sikosei, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jeni ya asili haiwezi kumilikiwa na kampuni, na maabara nyingine zikaanza kupima.

Binti wa Mpwapwa: Bei ni nusu ya tatizo. Waafrika hupata zaidi majibu ya "maana yake haijulikani", yaani badiliko la jeni limeonekana ila haijulikani kama lina madhara, kwa sababu kumbukumbu za kulinganishia zimetoka hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Majibu ya namna hiyo yatafafanuliwa na nani huku kwetu? Hata hivyo mama mkubwa ameacha mabinti watatu, na hakuna aliyewaita hata kuwaeleza kwamba swali hili lipo.

Kilimani: Mkubwa ana umri gani?

Binti wa Mpwapwa: Miaka 34. Ameshaolewa, ng'ombe wamekwisha kutolewa, kwa hiyo wazee wako wasihangaike.