Siku moja Toledo na mama mwenye goti bovu: tuthubutu?

BintiKibokoni
Habari zenu. Naomba ushauri wa waliofika kwa miguu yao, si waliotazama video.

Mwishoni mwa Oktoba nampeleka mama Madrid kumwona mdogo wangu, ambaye ni muuguzi huko. Siku moja ameahidi kututoa nje ya jiji, na mapumziko yake ni Jumatatu. Anataka Toledo, ule mji wa kale.

Shida ni kwamba mama ana miaka 71 na goti la kulia limemchoka. Juzi tukivuka daraja la wapita kwa miguu pale Bellevue alisimama mara tatu, kila mara akijifanya anatazama magari. Halafu mwenyewe hataki. Amezaliwa Kibokoni, Mombasa. Nilipomwonyesha picha za Toledo kwenye simu alizipitia zote, akanirudishia: "Vichochoro hivi navijua. Nipande ndege usiku kucha nikatazame nilikotoka?" Sikuwa na jibu. Mwenye nalo anipe.

Na chakula je? Sisi Waislamu, nasikia kule kila chungu kina nguruwe.

MsafiriMchovu
Nendeni Segovia. Mfereji wa maji wa Warumi, ule uliojengwa juu ya matao, uko palepale mjini, ukishuka basi ni hatua chache tu unauona umesimama juu yako. Toledo ni kilima juu ya kilima. Nilienda Agosti, jua la kukaanga samaki. Nikanunua kofia, nikanunua maji, na mwishowe nikanunua upanga. Upo chini ya kitanda Kasarani hadi leo. Mke wangu hajawahi kuniuliza ni wa nini, na hilo ndilo linaloniogopesha.

MwalimuMstaafu
BintiKibokoni, mpe mama shikamoo yangu kutoka Pangani. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja, na Toledo nilifika baada ya kustaafu, nikiwa na mke ambaye nyonga yake imefanyiwa upasuaji. Kwa hiyo ninayosema yamepimwa kwa mguu wake.

Kosa la wageni ni kuanza kupanda kutoka stesheni. Treni ya kasi kutoka Atocha, stesheni ya Madrid, huchukua kama nusu saa. Kateni tiketi ya kwenda na kurudi mapema, maana viti huisha. Mkishuka, msikimbilie mlangoni. Stesheni yenyewe ya 1919 ni ya kutazamwa, vigae na vioo vya rangi, mke wangu alidhani tumeshafika kwenye makumbusho. Kisha chukueni teksi, na dereva asiingie mjini kwanza. Awavushe ng'ambo ya mto hadi Mirador del Valle. Pale hakuna ngazi hata moja, na mama ataona mji mzima umekaa juu ya mwamba, mto Tajo umeukumbatia pande tatu. Hata akirudi Madrid kutoka hapo, ameiona Toledo. Mkitaka kuendelea, teksi iwapandishe hadi uwanja wa Zocodover, kule juu, ndipo muanze kuteremka polepole.

Sasa lile swali la mama, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Mwambie hivi. Daraja la kale la kuingilia Toledo linaitwa Alcántara. Akitamka taratibu atalisikia: al-kantara. Wazee wa Pwani hawakuhitaji kamusi kujua kantara ni daraja. Jengo kubwa la pembe nne juu ya mji ni Alcázar, ndiyo kasri. Na Zocodover mnaposhukia ni suk ad-dawab, soko la wanyama. Hilo "zoco" ni soko letu hilihili la Gikomba na Marikiti. Waarabu walitawala mji huo hadi 1085, wakaacha maneno yao, mawe yakikaa chini ya wafalme wengine. Kwetu maneno yaleyale yalikuja na jahazi. Mama hatakuwa anatazama alikotoka. Atakuwa amekutana na ndugu wa mbali ambao hawakuambiana wapo.

Kuna na la pili, na hili niliwahi kulifundisha miaka mingi bila kuliunganisha mpaka niliposimama pale. Mwaka 1561 mfalme Philip II aliihamisha baraza yake kutoka Toledo akaipeleka Madrid, na Toledo ikabaki ilivyo kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuijenga upya. Mfalme huyohuyo baadaye akairithi Ureno. Mwaka 1593 ukaanza ujenzi wa ngome Mombasa, kwa amri yake. Ngome ya Yesu. Mama amekulia kwenye kivuli cha ukuta wa mtu huyo.

Ya kuona, chagueni mawili, yasizidi. La kwanza ni msikiti mdogo wa matofali, siku hizi unaitwa Cristo de la Luz. Ulijengwa 999, na maandishi ya Kiarabu yaliyopangwa kwa matofali yako bado kwenye uso wake. Ndani kuna kuba tisa ndogo, na hakuna mbili zinazofanana. Nililala shingo nyuma nikizilinganisha hadi mlinzi akanicheka. La pili ni kanisa la Santo Tomé, kwa ajili ya picha moja tu, mazishi ya bwana wa Orgaz, aliyoichora El Greco kati ya 1586 na 1588. Mgiriki yule alikuja kutafuta kazi, akazeekea hapo. Msitazame malaika kwanza. Tazameni mtoto aliye mbele na mwenge: ni mwanawe mchoraji, na kwenye leso iliyochungulia mfukoni baba ameandika 1578, mwaka aliozaliwa. Watakatifu wanashuka kutoka mbinguni, na mzee amepata nafasi ya kumtia mwanawe pichani.

Kanisa kuu lilianzwa 1226 likamalizika 1493, na ukiliingia linakula saa mbili. Kwa goti la mama, litazameni kwa nje. Najua wengine watanipigia kelele.

Jumatatu ina kasoro moja: sinagogi la Tránsito hufungwa siku hiyo. Lile jingine, Santa María la Blanca, hufunguliwa. Matao meupe ya kiatu cha farasi. Wayahudi waliabudu humo, likawa kanisa, na mkono ulioyachonga ni wa mafundi wa Kiislamu. Mkipita karibu ingieni, lakini sikulihesabu.

Chakula: mkiona "carcamusas" kwenye ubao, hiyo ni nguruwe. Ulizeni samaki au mayai. Mazapani ndiyo ya kubeba, ni lozi na sukari.

MsafiriMchovu
Mwalimu, baada ya hayo ninaanza kuona kwamba nilienda nikarudi na upanga tu.

Mama_Fizio
Mwalimu ametuhubiria vizuri, ila naomba nimpinge hapo kwenye kuteremka. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, kila siku nawaona akina mama wa miaka hiyo. Goti bovu huuma zaidi kwenye kushuka kuliko kupanda, kwa sababu uzito wote hulishukia likiwa limekunjwa. Na zile barabara za mawe ya mviringo zikilowa ni utelezi mtupu. Fimbo ashike mkono wa kushoto, upande wa goti zima, na raba zenye soli ya kushika, si zile kandambili za kupendeza. Kuna ngazi za umeme zinazopandisha watu mjini kutoka upande wa lango la Bisagra, kwa hiyo mkishuka mkajikuta chini mkahitaji kurudi juu, msijitese. Teksi moja ya kurudia stesheni iwekwe kwenye bajeti kabla ya mazapani.

MwalimuMstaafu
Nimekubali. Mke wangu alilalamika jioni ile, nikamwambia ni baridi.

BintiKibokoni
Asanteni sana, na Mama_Fizio, fimbo tumenunua leo. Nilimsomea mama jibu la mwalimu akiwa anachambua mchele. Kwenye kantara alinyamaza. Kwenye soko alicheka. Alipofika kwa yule mfalme aliacha mchele kabisa, akaniuliza kama sanamu yake iko pale Toledo, maana ana maneno ya kumwambia. Nimempigia mdogo wangu: Jumatatu, treni ya asubuhi, Mirador kwanza. Mama anauliza kama teksi za huko zinakubali abiria kukaa mbele na kuzungumza na dereva.