Bati zinavuja sehemu tatu, nyumba iko Ngaramtoni: nitengeneze au niezue paa lote?

Mkazi_Ngaramtoni

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nyumba ni ya vyumba vitatu, ilipauliwa 2009. Umbo lake ni L, kwa hiyo kuna vali moja, yaani mfereji wa bati, pale mabawa mawili yanapokutana. Bati ni geji 30 (kipimo cha unene, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba) za migongo midogo, hazina rangi, zimepigiliwa misumari ya kofia kwenye papi za 2x2, zile mbao zinazolala chini ya bati. Chini ni dari ya jipsamu.

Sebuleni, kwenye kona ya upande wa vali, kunavuja kila mvua kubwa, na doa limefika ukubwa wa sinia. Koridoni kunavuja pale tu mvua inapokuja na upepo. Jikoni ndiko kunakonichanganya: matone yanaanguka asubuhi, mwezi huu wa saba na wa nane, na mvua haijanyesha kabisa.

Fundi wa kwanza alikaa juu dakika tano akasema ezua yote, bati na kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Wa pili anataka mirija sita ya silikoni amalize kazi leo leo. Nataka iwe tayari kabla ya vuli. Nimsikilize yupi?

KenchiNaPapi

Mkuu, wote wawili wametibu bila kupima. Hayo ni maji ya aina tatu, kila moja na chanzo chake, na huenda hakuna hata moja linalodai kenchi mpya.

Nianze na jikoni. Hilo si vujo, ni umande wa ndani. Baridi ya Julai na Agosti huko Arusha chini ya Mlima Meru unaijua. Usiku ukiwa mweupe bila mawingu, bati linapoa kuliko hata hewa inayolizunguka. Mvuke wa jikoni unapanda darini kupitia mfuniko wa tundu la kupandia na nyufa za jipsamu, unakutana na bati la baridi, unageuka matone. Jua likianza kupiga asubuhi, matone yanateremka na kukuangukia. Kuhakikisha, panda darini saa kumi na mbili asubuhi na tochi, pitisha kiganja chini ya bati. Ukikuta jasho limetapakaa bati zima, ni umande. Vujo huacha njia moja ya maji, halilowanishi bati zima. Silikoni hapo ni kutupa hela, na hata bati jipya litatoa jasho vilevile.

Dawa yake ni hewa. Kwa dari ya mita 100 za mraba toboa matundu kama 20 ya sentimita 20 kwa 10, nusu chini ya ukingo wa paa, nusu juu kwenye zile pembetatu za ukuta, yote uyawekee wavu wa mbu. Mfuniko wa dari uuvike sponji pembeni ufunge vizuri, na mvuke wa jikoni uutafutie bomba la kutoka nje kabisa, usiishie darini.

MamaWaSakina

Naongezea kwenye ukaguzi, maana hapo ndipo watu wanarukia kununua bati.

Panda darini saa sita mchana, zima taa, kaa dakika kumi macho yazoee giza. Kila tundu litaonekana kama nyota. Weka alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu. Beba ubao wa kulaza juu ya mbao za chini za kenchi, usikanyage jipsamu wala nyaya za umeme.

Halafu fuata madoa kuelekea juu ya mteremko. Maji yakiingia hayaanguki palepale: yanashika tumbo la bati, yaani upande wa chini, yanafika kwenye papi, yanatembea na papi mita moja au mbili ndipo yanaachia. Ndiyo maana doa la sinia sebuleni linaweza kuwa na tundu lake mbali kabisa na pale unapotazama.

Chukua bisibisi bapa uchome mbao, hasa papi ya mwisho pale chini, mbao zinazobeba vali, na mahali kenchi inapokaa ukutani. Mbao nzima inagoma. Ikizama kama milimita 5 bila kutumia nguvu, imeoza. Angalia pia unga mlaini chini ya mbao, huo ni wa wadudu, na vijia vya udongo vya mchwa vinavyopanda na ukuta.

Mwisho, mpira wa maji. Mmoja juu, mmoja darini na tochi. Anzeni chini ya mteremko, dakika kumi kila sehemu, mpande taratibu. Ukianzia juu utalowesha kila kitu usijue kimeingilia wapi.

Papi2x2

Kwa fundi wa mirija sita: silikoni haishiki kwenye kutu, vumbi wala bati lenye unga mweupe. Inakaa kama ngozi juu, miezi michache inabanduka. Na ile inayonuka siki inakula zinki ya bati, kwa hiyo mwakani unakuta tundu kubwa kuliko la kwanza. Silikoni ina kazi yake, lakini si ya kushikilia paa.

Mzee_Pasua

Vali hiyo sina shaka nayo. Ng'oa kidogo kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, uchungulie. Mara nyingi utakuta bati za pande mbili zimekatwa zikakaribiana mpaka kidole hakipiti, majani ya mgrevilea na mjakaranda yamejikusanya chini yake, yamekuwa udongo, maji yanapanda pembeni na kumwagika darini. Udongo huo unashinda na unyevu wiki nzima baada ya mvua, na bati la vali linaoza likianzia katikati. Kosa la pili ni fundi kupiga msumari katikati ya vali ili isichezecheze. Msumari huo ni bomba.

Mkazi_Ngaramtoni

Asanteni sana. Nimepanda jana na leo asubuhi.

Jikoni ni jasho kweli, bati zima limelowa. Nyota nimehesabu 43, karibu zote ziko penye misumari, mingine naizungusha kwa vidole. Vali ina majani hadi juu na matundu matatu ya kutu. Mbao: kenchi zote ngumu, papi za juu ngumu, ila papi mbili za chini upande wa vali bisibisi inazama. Bati lenye kutu tumboni ni nane, zote zinazogusa vali. Nyingine zina kutu ya juu juu tu. Vali ina urefu wa mita 4.5, paa lote ni kama mita 140 za mraba.

Koridoni sioni nyota hata moja. Pako karibu na kofia.

KenchiNaPapi

Basi kenchi ziache zilipo. Unabadilisha vali, bati nane, papi mbili, na misumari yote. Geji 30 isiyo na kutu tumboni bado inakutumikia.

Vali: nunua bati bapa moja la geji 26 au 28, lile la mita 2.44 kwa 1.22. Lichane katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya sentimita 61. Ukivilaza la juu likipanda la chini kwa sentimita 20 unapata mita 4.68, inatosha vali yako na sentimita 10 za kuingia kwenye gata, na inabaki kidogo. Kingo zote mbili zikunje kwenda juu sentimita 2, hiyo ndiyo inazuia maji yasivuke. Chini yake pande zote mbili pigilia mbao 1x10, za futi 12 zinatosha tatu. Vali inashikwa pembeni tu, nje ya ule mkunjo. Bati za paa zikatwe ziishie sentimita 8 kutoka mstari wa katikati kila upande, ubaki upenyo wa sentimita 16. Mkono upite kutoa majani.

Kata kwa mkasi wa bati. Ukimkuta fundi anakata kwa grinda juu ya paa msimamishe: cheche zinaunguza zinki, na chembe za chuma zikibaki juu ya bati zinashika kutu baada ya mvua ya kwanza. Hata za drili zifagiliwe jioni ileile.

Misumari ing'oe yote, weka skrubu za bati zenye washa ya mpira, mm 5.5 kwa 65, kwenye tundu lilelile juu ya mgongo. Usitoboe bondeni mwa bati, huko ndiko maji yanakopita. Hesabu ni skrubu 6 hadi 7 kwa mita ya mraba, mita 140 ni kama 910, chukua 1,000. Papi ya chini kabisa na ya juu kabisa zifungwe kwa ukaribu zaidi, huko ndiko upepo unakoanzia kuinua bati.

Kaza mpaka uone mpira umechomoza kidogo kwenye ukingo wa washa, uachie hapo. Ukitokeza nje kama ulimi, umekazwa mno na utapasuka juani. Ukiwa bado unazunguka kwa kidole, maji yataingia. Drili iwekwe nguvu ndogo. Tundu lililopanuka, funika kwanza kwa kipande cha tepu ya lami, skrubu ipite juu yake.

MamaWaSakina

Kukosekana kwa nyota koridoni ni jibu tosha. Mvua ya upepo inasukumwa chini ya kofia, inapanda na mabonde ya bati, inamwagika ndani. Fungua kofia, chukua koleo, pindisha juu ncha ya kila bonde la bati kama sentimita 2 upate kizuizi, kisha rudisha kofia ilalie bati angalau sentimita 15 kila upande.

Kwa zile bati nane, ukienda dukani beba kipande cha bati la zamani. Migongo ikipishana hata kidogo haitalaliana. Chukua geji 28, na usimame wakipima unene kwa mikromita, iwe karibu na mm 0.4. Bei ilinganishe kwa upana unaofunika baada ya kulaliana, si kwa upana wa bati likiwa peke yake.

Upepo wa mvua kwetu sehemu kubwa ya mwaka unatoka upande wa mashariki, kwa hiyo paa linalotazama kaskazini au kusini lianze kutandazwa kutoka magharibi. Ukingo wa bati linalolalia lingine utatazama magharibi, upepo haupati pa kuingilia.

Papi2x2

Papi mpya ukinunua za dawa, zile za kijani, kumbuka dawa hiyo ina shaba. Ukiweka bati la zinki na alumini juu ya mbao hiyo ingali mbichi, bati linaliwa kuanzia chini. Ianike wiki mbili kivulini, au tandika utepe wa nailoni nzito kati ya mbao na bati.

BintiRau

Samahani nadandia uzi. Nyumba ya wazazi hapa Moshi ni ya zamani, paa ni zile za kijivu nene za asbestosi, imepasuka mbili. Nazo ni skrubu hizihizi?

Mzee_Pasua

Hapana binti yangu. Hizo usitoboe, usikate, usisugue kwa brashi. Vumbi lake ndilo linaloumiza mapafu, na madhara yanakuja baada ya miaka mingi. Asipande mtu, zinavunjika ghafla. Waulize NEMC, baraza la mazingira la taifa, utaratibu wa kuziondoa na mahali pa kuzizika kabla fundi yeyote hajagusa. Wakati unasubiri, maji ya paa hilo yasiingie kwenye tenki la kunywa.

Mkazi_Ngaramtoni

Maji ya kunywa ni jambo kubwa kwetu, visima vya huku vina floraidi nyingi, tunategemea ya mvua. Je, nipake rangi zile bati zilizobaki?

KenchiNaPapi

Paka, ila rangi haizibi tundu, kwa hiyo ifuate skrubu. Sugua kutu kwa brashi ya waya, osha, acha zikauke siku mbili, praima ya zinki (rangi ya kwanza ya kushikia) mkono mmoja, rangi ya bati mikono miwili. Dukani useme wazi kwamba maji yatanywewa, rangi isiwe na risasi, na lami usipake kabisa. Mvua mbili za kwanza za vuli zitupe nje, zisiingie tenkini.

Kazi ifanyike bawa moja kwa siku, wafungue tu kile watakachofunga jioni. Waya wa TANESCO unaoingia nyumbani kama unapita karibu na ukingo wa paa, waombe wazime kabla ngazi haijasimama. Jipsamu ya sebuleni acha wazi mpaka mvua kubwa mbili zipite, na fundi umbakishie sehemu ya kumi ya malipo yake mpaka siku hiyo, iandikwe kwenye karatasi kabla hajapanda.

Mkazi_Ngaramtoni

Nimekata kipande cha bati la zamani, sentimita 30. Jumatatu naenda nacho dukani.